Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Mwerezi

Rahab alikuwa na duka la misumari na rangi mjini Elburgon, na tangu afiwe na mumewe alikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha kujitolea cha kuhifadhi majengo ya zamani. Kikundi kilikuwa na wanachama watatu waliohudhuria na wengi waliokiombea. Katibu alikuwa Chepchumba, nesi wa zahanati. Fundi alikuwa Makhanu, seremala aliyejiunga akidhani ni kazi ya kulipwa, na alipogundua sivyo akaona haya kutoka.

Jengo lililowanyima usingizi lilikuwa nyumba ya mwerezi iliyo kando ya msitu, ambayo zamani ilikaliwa na mzungu meneja wa kiwanda cha mbao. Sasa ilikuwa ya Muiruri, mfanyabiashara wa Milimani kule Nakuru, aliyenunua ploti ili ajenge vyumba vya kupangisha. Kila walipompigia simu kumsihi asiibomoe, alijibu, "Tutaongea." Huku kwetu hiyo maana yake ni hapana.

Jumamosi moja walikuwa wakifanya mkutano kwenye veranda ya nyumba hiyo, tingatinga likaingia uani. Dereva, kijana aitwaye Kiptum, akashuka.

"Mathe, nimetumwa kubomoa hii nyumba."

"Tuko katikati ya mkutano," Rahab akamjibu. "Ngoja tumalize ajenda."

Kiptum akaitazama nyumba, kisha viti. "Itachukua muda gani?"

"Inategemea shughuli nyinginezo."

Akaenda kuzima injini. Akapewa chai na mkate. Makhanu alipotoa hoja kwamba paa lizibwe kabla ya mvua ya masika, Chepchumba alikuwa ametoka kupokea simu na hapakuwa na wa kuunga mkono. Kiptum akainua mkono. Chepchumba aliporudi akaandika kwamba hoja imeungwa mkono na mgeni.

Muiruri alifika adhuhuri, viatu vinang'aa, akamkuta dereva wake anaongezewa chai.

"Nipeni sababu moja," alisema. "Moja tu, ya kunifanya nisibomoe kitu changu."

Chepchumba akamweleza historia. Muiruri akatazama saa yake. Makhanu akamwonyesha nguzo ambazo mchwa hawakuzigusa miaka yote hiyo. Muiruri akasema hata mawe hayaliwi na mchwa.

Rahab hakuwa amepanga kusema. Watu wote aliwaambia anapenda tu mbao nzuri.

"Mama yangu alifua nguo za nyumba hii tangu akiwa msichana hadi mzungu alipoondoka," alisema. "Hakuwahi kupita mlango huu. Alipitia jikoni. Nataka apite hapa mara moja. Baada ya hapo ukitaka kubomoa, mtaimbo nitakuletea mwenyewe kutoka dukani kwangu."

Muiruri akautazama mlango. "Bado yuko hai?"

"Yuko. Analalamika, lakini yuko."

"Basi mlete kesho."

"Ngazi zimeoza, hata sisi tulipandia kiti. Ataanguka."

Muiruri akakanyaga ngazi ya kwanza ili kumwonyesha kwamba ni visingizio. Mguu ukazama hadi gotini. Hakuna aliyecheka. Makhanu akamsaidia kuuchomoa, kisha akakitafuta kiatu.

"Tengenezeni ngazi," alisema Muiruri, akijipangusa. "Lakini Pasaka ikipita, nabomoa."

Wakatengeneza ngazi. Makhanu akaupiga randa mlango wa mbele uliokuwa umevimba kwa mvua. Rahab akabaki na kazi aliyokuwa akiiogopa, ya kumwambia mama yake, Wangare.

"Kwenda kufanya nini?" mama akauliza.

"Kuingia, Maitu."

"Nilishaingia hiyo nyumba."

"Kwa mbele."

"Mbele kuna nini?"

Rahab akamwambia tu kwamba watamngoja Jumatatu ya Pasaka.

Siku hiyo ilipofika, Wangare alikuja amevaa nguo ya kanisani. Muiruri alikuwepo na mkewe. Wangare akapanda ngazi akimshika binti yake mkono, akafika mlangoni, akajipangusa miguu kwenye gunia kwa muda mrefu ingawa viatu havikuwa na tope. Kisha akaingia, akakaa kwenye kiti karibu na meko ya sebuleni.

"Hapa ndipo walikuwa wanakaa?"

"Ndiyo, Maitu."

"Kumbe ni padogo. Jikoni kulikuwa na joto kuliko hapa." Akapapasa mkono wa kiti. "Siku moja mvua ya mawe iliangusha shuka zote kwenye matope. Nikaambiwa nifue upya. Wewe ulikuwa mgongoni, una homa. Nikaomba nikulaze humu ndani, wakasema mtoto atakojolea sakafu."

Rahab hakuwahi kusikia habari hiyo.

"Na ungekojoa kweli," mama akaongeza. Akamgeukia Muiruri. "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiyo, cucu," akajibu, kama anayemjibu bibi yake mwenyewe.

"Madirisha yako ni machafu."

"Nitayaosha," akasema Muiruri, mbele ya mkewe na mashahidi.

Rahab alitoka akazunguka nyuma ya tangi la maji, akalia huko mpaka Chepchumba akamletea kitambaa na kumwambia chai inapoa.

Wiki iliyofuata Muiruri alituma mtu wa kuosha madirisha. Baada ya kuyaosha, ikawa vigumu kuyavunja. Akasema kikundi kitumie nyumba, mradi wasimwombe kitu kingine, na vyumba vyake akavijenga chini, karibu na barabara.

Siku hizi asubuhi nyumba ina watoto wa chekechea, na jioni ina kwaya. Sakafu inakojolewa karibu kila siku. Anayepiga deki ni Rahab, na hajamkemea mtoto yeyote. Mama yake hajarudi tena. Anasema kule kuna baridi. Paa bado linavuja upande wa msitu, na Makhanu anangoja mvua ipungue.