Sala za Bondeni

Miaka ile ya ruksa, biashara binafsi zilipoachiwa huru, mume wangu alipofungua duka la mitumba mjini Songea, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kwenda Madaba kumchukua mama yake. Alimnunulia sofa, akamwambia, "Mama, umelima vya kutosha. Sasa kaa."

Mama mkwe akakaa. Haikupita miezi mitatu miguu ikavimba, magoti yakakaza, akawa hainuki mpaka ashikwe mkono. Mume wangu akasema ni uzee.

Kisha mama akaanza kwenda sala za asubuhi za jumuiya. Kila siku baada ya chai alijifunga kanga, akachukua rozari yake, akatoka. Taratibu uvimbe ukapungua, akaanza kuomba aongezewe ugali. Mume wangu akawa anawatangazia wateja dukani, "Jamani, pumziko ni dawa."

Lakini aliyefua kanga zile ni mimi, na matope yale kwenye pindo hayakuwa ya kanisani. Asubuhi moja nikamfuata kwa mbali hadi bondeni. Nikamkuta ameinama kwenye matuta ya maharage, jembe mkononi, rozari shingoni. Kishamba kile alikuwa ameazimwa na mjane mmoja wa jumuiya.

"Mama, sala imeisha?"

Hakuinua hata kichwa. "Bado, tupo tendo la pili la rozari. Ng'oa majani upande huo, uitikie."

Nikavua viatu. Tangu siku hiyo nikawa mwongo mwenzake. Mume wangu akiuliza mbona mama anachelewa, nilimwambia jumuiya imeanza novena, sala za siku tisa.

Tulikamatwa hospitalini, tulipompeleka mama kupima presha. Daktari alisema iko vizuri.

"Nimemkataza kazi zote," mume wangu akasema kwa majivuno.

Daktari akageuza viganja vya mama, akazitazama sugu. "Bibi, unalima?"

Mama akanitazama. Mimi nikasoma tangazo la malaria ukutani.

"Kidogo," akasema.

"Basi endelea. Ila usibebe mizigo mizito."

Njiani mume wangu akaniuliza, "Na wewe ulijua?"

"Tangu palizi ya kwanza."

Jumamosi akaja bondeni na jembe jipya, atuonyeshe kazi. Tuta la pili halijaisha, akaketi chini, kitambi kikipanda na kushuka. Mama alilima hadi mwisho wa shamba, akarudi, akampa maji.

"Pole, baba," akamwambia. "Utazoea."