Vitwitwi wa Barazani kwa Baba

Baada ya mama kufariki, baba aliacha kula. Si kwamba alikataa. Alikaa mezani, akamega ndizi kidogo kwa adabu, kisha akaiacha sahani vilevile. Nilihamia kwake Ijuganyondo ili nimwangalie, nami ni mtu wa hasira za karibu, sikuumbiwa kubembeleza. Nilimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo tutamzika kabla ya Krismasi. Alinijibu kwa upole, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu, "Sawa, mwana wange."

Kilichomrudishia hamu ya kula hakikuwa mimi. Walikuwa vitwitwi wawili, wale ndege weusi kwa weupe wanaotembea uani wakitikisa mkia, waliojenga kiota barazani, kwenye upenyo kati ya ukuta na bati. Baba alihamishia kiti chake hapo. Akawa anakula akiwatazama, na siku makinda yalipoanza kulia aliniomba uji mara ya pili. Niliingia jikoni nikalia. Tangu hapo niliona uhai wa baba umekaa kwenye upenyo ule, na sikuona aibu kuwataja ndege katika sala ya jioni.

Kisha msimu wa senene, wale panzi tunaowala, ukafika. Shangazi, dada yake baba, alikuja kutoka Muleba na ndoo mbili. Zamani kwetu mwanamke alinyonyoa senene na mwanaume ndiye aliyekula, na mama aliishika mila hiyo hata majirani walipoiacha. Nikasema mwaka huu baba hatakosa. Tulikaa barazani mimi na shangazi tangu asubuhi, tukinyonyoa na kucheka, tukitupa mabawa na miguu uani kama tulivyofanya miaka yote.

Akashuka kunguru mmoja, kisha watatu. Shangazi alisema wanatupunguzia kazi ya kufagia.

"Fagieni wenyewe," baba akasema. "Hao watapazoea hapa."

"Tutafagia tukimaliza, Tata," nikamjibu baba.

Alilirudia jambo hilo jioni, na tena kesho yake. Nikamjibu kwa ukali kwamba ale senene wake aniachie mimi usafi. Alikula, kwa kweli. Alimaliza bakuli zima, akasema chumvi imekaa kama ya mama. Hajawahi kunisifu hivyo, na kichwa kilinivimba.

Siku ya tatu mabawa yalikuwa yamekwisha, lakini kunguru walirudi. Hawakukuta cha kuokota, wakaanza kutazama juu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikipunguza majani ya migomba niliposikia vitwitwi wakipiga kelele. Nilikimbia. Baba alikuwa amesimama akishikilia nguzo, fimbo yake imeanguka, akisema "Toka, toka," kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Kunguru akaondoka na kinda la mwisho mdomoni, wala hakuwa na haraka.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalifika kabla sijalitua panga. Nilifagia uwanja wote mpaka chini ya mibuni, nikijua ni ujinga. Shangazi akasema kunguru naye ana watoto wa kulisha. Nikamwambia arudi kwake Muleba.

Baba hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Alirudi kitandani, na safari hii hata mezani hakuja.

Baada ya wiki moja na siku kadhaa, vitwitwi walianza tena kuleta majani makavu kwenye upenyo uleule. Nilimkimbilia baba chumbani kama mtu mwenye habari njema, nikamshika mkono, nikamleta barazani. Akatazama kidogo tu.

"Pazibe pale," akasema.

"Tata, huenda safari hii wakabahatika."

"Kunguru wameshapajua. Pazibe, mwana wange. Mimi siwezi kuangalia tena."

Aliomba nimrudishe ndani, nikamrudisha. Kisha nikakoroga udongo, nikapanda ngazi. Kitwitwi mmoja alikuwa akitembea kwenye ukingo wa baraza, ana jani mdomoni, akinisubiri nimalize ili aingie. Nikapaziba. Niliposhuka bado alikuwa anasubiri.