Oil ya breki aliyoweka baba

Naandika nikiwa pembeni ya barabara, karibu na Nyamuswa.

Asubuhi nyumbani Iringo nimebadilisha breki pedi mwenyewe. Fundi wa nini, video si zipo.
Tukatoa na upepo kwenye mipira ya breki: mama anakanyaga pedali, mimi niko chini na spana, baba anaongeza oil.

Nikaondoka na mama kwenda msibani.

Kwenye mteremko, ng'ombe wanavuka. Nakanyaga breki, pedali inazama mpaka chini.
Nakanyaga tena. Hamna kitu.
Nikashusha gia, nikavuta handibreki. Gari limesimama ng'ombe akituchungulia dirishani.

Nafungua boneti: kikopo cha oil kimejaa povu.

Nikampigia baba.
"Oil iliisha, nikaweka maji ya sabuni. Miaka ile vitu vimeadimika, lori nilikuwaga naliendesha hivyo mpaka Mwanza."
"Sasa mlikuwa mnasimamaje?"
"Utingo alikuwaga anaruka na gogo, anaweka kwenye tairi."

Wenye baba dereva mstaafu, mnaishi naye vipi?

Nimeita fundi, siendeshi tena. Ila mama anaogopa kuchelewa maziko. Ameshuka, ameokota jiwe, ananiuliza kama hili litatosha.