Kadzo na Taa ya Tangi la Daktari Samiha

Wifi yangu Kadzo anafagia kwenye kliniki ya meno hapa Magongo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi. Miaka sita amefagia kama kibarua. Akiugua siku moja, siku hiyo halipwi. Kwa hivyo Daktari Samiha alipomwita mbele ya tangi la kioo kwenye chumba cha kungojea, akamwambia, "Kadzo, tangi hili likikaa safi na samaki wakawa hai mwezi mzima, inshallah nakuandika kazi ya kudumu," wifi alikuja moja kwa moja hadi kwangu, akapiga magoti sebuleni kabla hata ya kunisalimu. Tukaomba pamoja.

Tangi lilikuwa la watoto. Wakimsikia mwenzao analia ndani kwa ile mashine ya kutoboa meno, wao huku nje wanaanza pia. Daktari alitaka wawe na kitu cha kutazama: maji ya bahari, mawe, na samaki wanne wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama Nyali, na mtu yule akaondoka na taa yake.

"Taa utatafuta wewe," daktari akamwambia wifi. "Wewe ni mtu wa Pwani, mambo ya bahari unayajua."

Wifi na mume wangu kwao ni Kaloleni, ndani kabisa. Bahari wifi aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba, na mpaka leo haingii maji yakipita magoti. Lakini angesema nini? Akasema haya, daktari.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikiri. Mimi nafuga kuku, na kwenye boksi la vifaranga nina taa nyekundu ya kuwapa joto. Nikamwambia, "Wifi, kiumbe mdogo ni kiumbe mdogo. Chukua hii." Akaifunga juu ya tangi. Kufikia saa saba mchana maji yalikuwa kama yale ya kumkanda mzazi, na samaki wote wamepanda juu, wanahema midomo wazi. Kwa neema ya Mungu hakufa hata mmoja. Jioni wifi alikuja na taa yangu imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani.

Kesho yake akavuka kwenda mjini, kwenye duka la samaki wa mapambo. Muuzaji, bwana mmoja mwenye miwani, akamwuliza, "Mnafuga samaki tu, ama mna matumbawe hai pia?" Wifi hakujua swali hilo linahusiana vipi na taa. Akaona aibu kuuliza.

"Vyote," akasema.

Ni uongo mdogo, lakini uongo ni uongo. Alipewa taa kubwa ya buluu, kali, ya kulea matumbawe, maana hayo huishi kwa mwanga kama mimea. Alipoiwasha, chumba kizima kikawa buluu, na wagonjwa wote wakageuka rangi. Mama mmoja aliyeleta mtoto akasimama mlangoni akauliza, "Jamani, hapa ni kwa meno ama ni mochari?"

Baada ya wiki moja koga ikaanza. Kwanza kwenye mawe, halafu kwenye kioo, kijani kibichi, inateleza. Wifi akachukua miswaki ile ya kliniki wanayogawiwa watoto, akawa anasugua jiwe moja moja. Asubuhi anasugua, kesho asubuhi anaikuta tena.

"Kadzo!"

"Abee, daktari."

"Hii ni nini? Mimi nilitaka bahari, sikutaka kisima cha ng'ombe."

"Ni taa, daktari. Ni kali mno."

"Basi badilisha. Siku zinakwenda."

Akarudi dukani, akakiri kwamba hana matumbawe wala hajui yanafanana vipi. Yule bwana akacheka, lakini alimbadilishia. "Mama, ungesema samaki tu. Samaki hawana shida, hii taa ni ya nyinyi kuwaona. Ndogo, nyeupe, haina joto. Washa kliniki ikifunguliwa, zima mkifunga. Ikikaa zaidi ya hapo unalisha koga."

Taa ndiyo hiyo. Chumba kikapendeza, watoto wakabandika pua kwenye kioo. Wifi akaandika saa kwenye karatasi, akawa anawasha na kuzima kama alivyoambiwa. Na koga ikarudi vilevile.

Hapo ndipo alipovunjika moyo. Alipunguza chakula cha samaki, akaagiza maji mapya ya bahari kutoka Likoni kwa mitungi, akasugua mpaka vidole vikachubuka. Wapi! Siku ya ishirini na mbili alikaa jikoni kwangu, chai ikapoa mbele yake. "Mungu anataka nini kwangu, wifi? Nimefanya kila nililoambiwa." Nilimshika mkono tu.

Kesho yake aliwahi kwenda, asugue kabla daktari hajafika. Akiwa barabarani akatazama juu, akaona dirisha la kliniki linang'aa. Alimkuta Musyoka, mlinzi, ameketi kando ya tangi na kikombe chake.

"Musyoka, nani amewasha taa hii?"

"Ni mimi. Kwani?"

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu mfunge jana. Mimi huwasha kila siku. Mwizi akiona taa anajua kuna mtu. Si hata huko kwenu mnalala na taa ya nje inawaka mpaka asubuhi?"

Na ni kweli. Magongo yote tunalala hivyo, hata mimi.

"Lakini hii si taa ya wezi, ni ya samaki!"

"Kwani samaki hawataki kulindwa?"

"Wewe mwanamume! Mwezi mzima unanisugulisha mawe kwa mswaki wa mtoto!"

Musyoka akaweka kikombe chini. "Dada Kadzo, ungeniambia. Kila siku unanipita pale mlangoni unasema kwaheri tu."

Wifi anasema neno hilo lilimchoma kuliko koga yote.

Taa ikawa inazimwa. Lakini koga haiondoki kwa siku saba zilizobaki. Mwezi ulipokwisha kioo kilikuwa safi, mawe bado. Wifi akamweleza daktari yote, hata ule uongo wa dukani.

"Wallahi, Kadzo, nakuhurumia," daktari akasema. "Lakini tulisema mwezi safi, na huu haukuwa safi. Samaki wako hai, hilo nimeona. Mwezi unaanza leo."

Niliposikia nilikasirika, Mungu anisamehe. "Na miaka sita je? Hukumwambia?"

"Ilinifika hapa," wifi akajigusa koo. "Nikasema haya. Ila nikamwambia swichi ya tangi haigusi mtu isipokuwa mimi, hata yeye daktari asiiguse, na Musyoka afungiwe balbu yake mlangoni. Akanitazama, akasema sawa."

Sasa kila jioni akitoka kazini hupita dirishani kwangu kunihesabia siku. Haingii. Jana alisema, "Nane." Leo amesema, "Tisa," akaenda kupika.