Mashine Isiyoweza Kuhama

Rachida binti Zakaria alifanyia kazi sebuleni kwao, katika mtaa wa Tshopo, kwa sababu baba yake alikuwa amepooza upande mmoja na hapakuwa na mwingine wa kumgeuza kitandani. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa Kinshasa. Ilikodisha mashine pepe, zile kompyuta zisizoshikika zinazoishi ndani ya seva, naye ndiye aliyebuni ukurasa ambamo mteja huchagua mashine yake iwe na nguvu kiasi gani.

Siku moja mkuu wake, Timothée, alimpigia simu. Sasa wangetoa mashine zenye prosesa zake zenyewe, ule ubongo wa kompyuta, zisizogawanwa na mashine nyingine.

"Weka mbili tu, ndogo na kubwa," alisema. "Mutu akishachagua, basi."

"Na akitaka kuongeza? Ao kuhamia seva ingine?"

"Ahamie wapi? Seva zote zimejaa, Rachida."

Ilikuwa kweli: mashine ikishakaa kwenye seva, haingepata nafasi ya kuongezwa wala kuhamishwa. Hata hivyo akaandika juu ya kitufe cha kuchagulia: *Ukichagua, hutaweza kubadilisha.* Timothée akaufuta mstari huo, akisema ungewatisha wateja.

Wa kwanza kunasa alikuwa jirani, Mama Kyakimwa, muuzaji wa jumla aliyetoka Butembo. Alichukua mashine ndogo ya kuwekea hesabu ya bidhaa zake. Depo zake, maghala ya bidhaa, zilipoongezeka, hesabu hiyo ikaanza kukwama, wanunuzi wakasimama kaunta wakinung'unika. Akaja mwenyewe.

"Rachida, ile machine iko nakufa. Unifungulie nichukue kubwa."

"Haiwezekani kuiongeza, mama. Kuna kubwa moja mteja ameacha, lakini ni kuvunja hii na kujenga yote upya mule."

"Alors, nani alitengeneza kitu ya vile?"

"Ni mimi," Rachida alisema.

Mama Kyakimwa hakumtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Jumapili, Mama Kyakimwa alipotoka misa, wawili hao walifunga depo, wakasimika kila kitu upya mpaka jua likapinda. Kesho yake Rachida akaurudisha ukurasani mstari wake wa onyo bila kuomba ruhusa.

Hakufukuzwa. Timothée alimnyang'anya ukurasa, akamweka kujibu kwa simu malalamiko ya wateja.

"Kama hutaki, bon, uache," alisema.

Zakaria alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. "Utaacha, binti yangu?"

Rachida aliweka mkono chini ya bega lake zito, akamgeuza aelekee dirisha.

"Hapana, papa."

Simu iliita tena. Akapokea, akaanza kumsikiliza mwanamume aliyekuwa akipiga kelele.