Siku Kumi za Kamiyo

Sisi tuliokulia Nengo, mtaa wa kando ya ziwa Kivu, kabla simu hazijajaa mifukoni tulikuwa na kazi moja tu baada ya shule: kupotea. Unatupa mfuko wa madaftari mlangoni, unachomoa kiazi kitamu cha jana kwenye sufuria, na mama hakuoni tena mpaka jua liguse ziwa. Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba, uliofungwa kamba mpaka ukawa mgumu wa kuvunja kidole. Tuliogelea Kivu tulikokatazwa, tukajianika juani tukauke, na bado mama zetu walitukwaruza ukucha kwenye ngozi wakaona mstari mweupe, basi fimbo. Siku hizi binti yangu akifika getini ananitumia ujumbe kwamba amefika getini.

Katika kupotea huko ndiko tulikompata Kamiyo. Jirani yetu, mfanyabiashara, alikuwa amehamia Kigali akafunga nyumba yake kubwa, na nyuma kwenye tangi la maji akaacha mbwa amefungwa mnyororo. Alikuwa mmoja wa wale mbwa wakubwa wenye kichwa kizito ambao matajiri waliwaleta kutoka Goma kulinda mali. Mlinzi aliyepaswa kumlisha naye alikwisha kuondoka. Sisi watoto tulipita kwenye tundu la ukuta wa mawe meusi tukamkuta mbavu zote zinahesabika, na mnyororo umemla manyoya ya shingo. Kamiyo ndivyo tunavyoita lori. Jina lilimfaa kwa mwili, si kwa nguvu, maana kusimama tu kulimtetemesha.

Tukawa tunampelekea makoko ya ugali, vichwa vya sambaza, vile visamaki vya ziwani, hata sombe, yaani kisamvu, iliyolala. Kwa siri, bila shaka. Mama yangu hakuweza kumtazama mbwa. Watu wa umri wake katika nchi hii wana sababu zao. Aliona mbwa walichofanya kwa maiti mwaka ule wa vita tuliporudi kutoka Kongo, na sisi tulijifunza mapema kutouliza. Akiona hata kijibwa cha kunyonya anavuka barabara.

Jumatatu moja nilikwenda peke yangu. Nikaweka bakuli, halafu kwa ujinga wangu nikataka kulisogeza wakati amekwisha kuinamisha kichwa anakula. Akanidaka mkono. Hakuwa na chuki, njaa ndiyo iliyoniuma, lakini meno yalikuwa meno na matundu mawili yakabaki. Nilikimbia ziwani nikaosha damu, nikavaa sweta la shule, nikakaa nalo siku nne, jua lote la mchana, nalowa jasho kama mpishi. Nilijua nikisema, Kamiyo atauawa siku hiyohiyo. Nisichojua ni kwamba huenda yeye ndiye angeniua mimi. Tulikuwa mabingwa wa kujua parachichi la nani limeiva, lakini habari za kichaa cha mbwa hatukuwa nazo kabisa.

Ijumaa mama akanivua sweta kwa nguvu ili alifue.

“Iko nini hapa?”

“Senyenge, mama.”

Akaugeuza mkono wangu taratibu. “Senyenge iko na meno?”

Nikasema yote. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitia hofu, maana mama alikuwa akinipiga kwa makosa madogo zaidi ya hilo. Alinishika mkono ule mzima akanikokota mpaka kituo cha afya, bila hata kubadilisha kandambili.

Muuguzi alikuwa mama mmoja aliyekulia Tanzania, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Alinisugua kidonda upya kwa sabuni na maji mengi, akanichoma sindano ya kwanza, kisha akamgeukia mama. “Ungemleta siku ileile. Sindano tumeanza na atarudi kwa nyingine, asikose hata moja. Lakini huyo mbwa msimuue. Mfungeni, mmwangalie. Akifika siku kumi tangu amng'ate, naye mzima, basi hakuwa na kichaa. Akianza kuugua au akifa kabla, njooni hapa mbio.”

“Na akikufa juu ya njaa?” mama akauliza.

Muuguzi aliandika tarehe ya sindano kwenye kadi. “Hapo itakuwa vigumu kujua, mama. Mtabaki na wasiwasi.”

Tukarudi nyumbani. Kabla ya jioni akafunga kitenge vizuri kiunoni, akachukua sufuria ya ugali na sambaza nzima, chakula chetu sisi, akaruka mawe ya ule ukuta. Mimi nilimfuata nyuma. Aliweka sufuria chini mbali, akaisukuma kwa mpini wa jembe.

“Kula,” alimwambia. “Kula, we kitu mubaya. Usikufe.”

Kamiyo alikula kwa pupa, halafu akatapika chote. Mama akakaa chini palepale kwenye nyasi. Alidhani kichaa kimeanza. Ilibidi baba aje amnyanyue, akimweleza kwamba tumbo lililozoea njaa halijazwi kwa mara moja. Baba alikuwa mtu wa ofisini, mpole. Yeye ndiye aliyetafuta namba ya yule tajiri Kigali. Tajiri alishangaa kusikia mbwa bado yu hai. Akasema, kama mnamtaka, chukueni.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi. Nengo hakuna siri ya siku mbili, na kazi ya kusafisha mitaro ilipokwisha, wanaume wakaja moja kwa moja na majembe na mapanga yao, mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, mbele. Kwao hiyo ilikuwa sehemu ya usafi wa mtaa.

“Mama Klodine,” mkuu akasema kwa upole, akimwita kwa jina langu, “hii imbwa iliuma mutoto wako. Tuimalize leo, watoto wa wengine wapone.”

Mama alikuwa amesimama kwenye tundu la ukuta. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimpinga mzee yeyote.

“Munihurumie, muzee. Mukiiua, mi nitajua namna gani kama mutoto wangu atapona? Muache ifike siku kumi. Kisha mutafanya yenye munataka.”

“Na ikikata munyororo?”

“Itaniuma mi wa kwanza. Sitoke hapa.”

Mkuu akakubali, wakaondoka. Na mama hakutoka. Aliacha biashara yake ya vitenge soko la Mahoko wiki nzima, yeye ambaye hakuikosa hata siku ya malaria. Uji asubuhi, kidogo, mchana kidogo, jioni kidogo. Kila mara kabla ya kumpa anachungulia mdomo: mate yanatoka namna gani, maji anakunywa au anayakimbia? Halafu anakuja kunichungulia mimi vilevile. Jumatano Kamiyo alilala kifudifudi, hakuinua kichwa alipoitwa. Mama aliita mara tatu. Akatupa mpini wa jembe, akasogea mpaka kwenye mnyororo, akachota uji kwa kiganja chake mwenyewe akampelekea puani. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, mbwa alikuwa analamba kiganja cha mama, na mama analia bila sauti.

Alhamisi, siku ya kumi, Kamiyo aliamka, akajinyoosha, akabwekea kuku. Muuguzi akasema tumshukuru Mungu. Mkuu wa mudugudu naye alifika, mtu wa ahadi.

“Siku kumi imeisha, mama.”

“Imeisha,” mama akajibu. “Sasa iko ya kwangu.”

Baba alivunja pete ya mnyororo kwa nyundo, akampeleka kuchanjwa, na Kamiyo akaishi kwetu miaka mingi, mnene, mvivu, anaogopa radi.

Leo Nengo ina mbwa wenye shampuu. Binti yangu anataka mmoja, tena amekwisha kuchagua rangi yake kwenye simu, na kitanda chake. Simlaumu. Sisi hatukuchagua. Tulikuwa na uhuru mwingi na akili kidogo, na mama zetu walilipia tofauti hiyo. Nikimwona mtoto wangu ameketi salama sebuleni, nashukuru, halafu nasikia huzuni nisiyoweza kumweleza.

Juzi nilimuuliza mama, sasa ni bibi mwenye miwani, kwa nini alimweka yule mbwa ilhali hatari ilikuwa imekwisha na wanaume walikuwa tayari mlangoni. Alikuwa akichambua maharagwe.

“Mi niliomba Mungu siku mingi asikufe,” akasema. “Nilikuwa nataja jina yake na yako pamoja. Sasa we ulipopona, nimutoe yeye tu?”