Dropdown yangu ilivyowafanya ng'ombe wote wa Kajiado kuwa "Nyingine"

Wakuu, salamu kutoka Kitengela, ambako upepo na vumbi viko kazini kama kawaida.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naleta yangu, na sijaitia chumvi hata kidogo. Chumvi yote huku hupewa ng'ombe.

Mimi ni dada wa code. Ofisi yangu ni chumba kimoja juu ya agrovet, duka la dawa za mifugo, natengeneza website na vi-app vya watu wa hapa mtaani.

Majuzi nilipata kazi ya kikundi cha akina mama wafugaji, wametapakaa kuanzia Isinya hadi Bissil. Walitaka kitu rahisi. Kila mama asajili ng'ombe wake kwa simu, na mmoja akipotea, abonyeze tu wanachama wote wapate ujumbe wenye maelezo yake.

Kwa wasiojua, ng'ombe akipotea huku akifuata maji, anaweza kuingia kundi la mtu mwingine mbali kabisa na akakaa huko kama wa nyumbani.

Nikajenga form. Kwenye rangi nikaweka select ya kawaida, yaani dropdown, orodha inayofunguka ukiigusa, ile inayokuja na browser bure. Options tano: Nyeusi, Nyeupe, Kahawia, Nyeusi na Nyeupe, Nyingine.

Kabla hamjanicheka: wazazi wangu walihamia hapa kutoka mkoa wa Central, na ng'ombe niliokua nao ni wale watatu wa maziwa wa baba, wote madoa meusi na meupe. Kwangu mimi, rangi ya ng'ombe lilikuwa swali dogo kuliko password.

Wiki mbili baadaye nikafungua database.

Nyingine. Nyingine. Nyingine. Nyingine. Karibu ukurasa mzima.

Nikasema hii ni bug, kosa ndani ya code. Niliitafuta hiyo bug siku mbili, wakuu. Siku mbili! Hakukuwa na bug yoyote.

Siku ya tatu ndipo ng'ombe wa Kokoo alipopotea.

Kokoo ni nyanya mmoja wa kikundi, anaishi nje kidogo ya Kajiado town. Kiswahili chake ni cha kuomba chai, kusoma hasomi. Ukame ulimmalizia kundi lote, na dada yake akampa mtamba mmoja aanze upya. Huyo mtamba ndiye aliyepotea, na alikuwa na mimba kubwa. Yaani ng'ombe wake wote wa kesho walikuwa ndani ya tumbo hilo.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Naisiae, akambonyezea ile button. Ujumbe ukaenda kwa kila mwanachama:

IMEPOTEA: NG'OMBE YA KOKOO. RANGI: NYINGINE.

Majibu yakaanza kuingia. "Nyingine gani?" "Hapa kwangu zote ni nyingine." Kuna mama akatuma picha ya punda, akauliza kama ni huyu. Wengine walicheka, lakini mimi nilitamani sakafu inimeze.

Na msiniulize kwa nini hawakutuma picha ya mtamba mwenyewe. Hakuwa amewahi kupigwa picha. Habari za mdomo zilikuwa zimetumwa pia, lakini kila aliyezipitisha alizibadilisha kidogo, mpaka zilipofika Bissil ng'ombe alikuwa ameshakuwa fahali.

Mama Naisiae akanipigia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kuja uone ng'ombe. Kuja asubuhi, kabla hazijatoka boma."

Nikaenda. Kokoo alikuwa amekaa kwenye kigogo kando ya lango. Akanisalimia, "Takwenya," nikajibu, "Iko," nikainamisha kichwa akanigusa. Hilo angalau nililijua.

Ng'ombe wa Mama Naisiae wakaanza kutoka mmoja mmoja, na Kokoo akawa anawataja. Hakuwahesabu, maana huku mali haihesabiwi kwa mdomo. Alitaja ngozi zao. Huyu mwekundu aliyekolea, jina lake. Huyu wa kijivu cha moshi, jina lake. Huyu mweusi mwenye mkanda mweupe tumboni, jina lake lingine kabisa. Kila mchoro una neno lake la Kimaa, lugha ya Wamaasai, na mtoto wa chekechea pale anayajua.

Akapita mmoja mwekundu mwenye mistari myembamba myeusi ubavuni. Kokoo akasimama.

"Sambu," akasema, akaonyesha kwa fimbo.

"Yake ni kama hiyo," Mama Naisiae akaniambia. "Hiyo inaitwa sambu. Wewe kwa simu yako uliita nini?"

"Nyingine," nikajibu.

Akina mama walicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutuangalia. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Nikapiga picha kila ngozi iliyopita langoni. Mama Naisiae akaniandikia majina. Nikarudi Kitengela moto umewaka ndani yangu.

Sasa hapa wenzangu wa frontend mtanielewa. Ile select ya browser haiwezi kubeba kazi hii. Picha haiweki vizuri, na huwezi kuipanga utakavyo kwenye kila simu. Nikaitupa, nikajenga yangu kutoka mwanzo.

Kila option ikawa na kipande cha picha ya ngozi upande mmoja na jina upande wa pili. Mistari ya orodha minene, ya kutosha kidole gumba. Juu kuna kisanduku cha kuandika kwa wanaosoma: andika herufi mbili, orodha inajichuja. Ukiwa chini kabisa ya screen, orodha inafunguka kuelekea juu. Rangi kali, kwa sababu jua la Kajiado halibembelezi screen ya mtu. Na mwisho kabisa, badala ya "Nyingine", nikaweka "Ongeza yako": unapiga picha, unaandika jina, inaingia kwenye orodha ya wote.

Nikamtumia Mama Naisiae ajaribu. Akapiga simu.

"Nikigusa inafungika. Hii kitu inaniogopa?"

Kweli, ukigusa picha, orodha inajifunga na hakuna kilichochaguliwa. Nikakuna kichwa mchana mzima. Kumbe niliiambia orodha ijifunge mara tu kile kisanduku kinapoachwa, na kugusa picha ni kukiacha kisanduku. Mlango ulikuwa unafungwa mgeni akiwa bado kizingitini.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja wa code: kidole kikitua juu ya orodha, kisanduku kisihesabiwe kuwa kimeachwa. Ilipokubali nilipiga kelele mpaka jamaa wa agrovet akapanda ngazi mbio na ndoo ya maji. Alidhani kuna moto.

Kesho yake nikarudi Kajiado. Nikampa Kokoo simu mkononi, sikumwelekeza chochote. Akasukuma orodha kwa gumba, polepole, midomo ikitaja majina. Akafika kwa ile ya mistari, akabonyeza. Ikakaa. Akaniangalia kwa furaha ya mtu aliyefungua kufuli mwenyewe.

Ujumbe ukaenda tena, safari hii na picha ya ngozi: SAMBU.

Chai haikuwa imepoa simu ya Mama Naisiae ilipolia. Ni mama mmoja wa upande wa Bissil. "Iko hapa kwangu! Ilikuja na zangu kutoka kwa maji, nikadhani ni ya jirani. Na tumbo iko chini kabisa, mkuje haraka!"

Kokoo hakungoja tafsiri. Alisimama, akaanza kuimba, na akina mama wakamwitikia. Mimi nililia, sioni haya kusema. Kisha akanishika mkono, "Ashe oleng, enkerai ai," yaani asante sana, mwanangu, akanitemea mate ya baraka kiganjani, na mengine kidogo juu ya laptop. Sikuifuta.

Nilichojifunza: options za dropdown haziandikwi na anayekaa ofisini. Nenda usimame langoni kwa mwenye ng'ombe kwanza, code itafuata. Na ukiona watu wote wamechagua "Nyingine", usitafute bug kwenye server, jitafute wewe.

Haya, zamu yenu. Nani mwingine humu ameshawahi kujengea watu form bila kuwauliza? Tubuni hapa chini, hatuumani.

EDIT: Mnaouliza kuhusu ndama, amezaliwa, jike, mzima kabisa. Kichwa cheusi, sikio moja jeupe, mwili una mistari upande mmoja tu. Nilipokwenda kumwona, Kokoo alipitia orodha yote mpaka mwisho, hakumpata. Akabonyeza "Ongeza yako", akapiga picha mwenyewe. Mama Naisiae akamuuliza aandike jina gani.

Kokoo akanitazama, akacheka, akasema kwa Kiswahili chake:

"Andika Nyingine."